Maji Yapate Uhai Kwanza, Samaki Wafuate

Kila Jumamosi asubuhi watoto wa ploti yetu hapa Umoja hubisha mlangoni na swali lile lile: "Anko, samaki wamekuja?" Huwafungulia, nao huenda moja kwa moja kubandika pua kwenye kioo cha tangi langu. Ndani mna lita 100 za maji ya chumvi, mawe yaliyoanza kuota utando wa kahawia, na pampu inayosukuma maji usiku na mchana. Samaki hakuna. Hii ni wiki ya sita.

Sina haraka, maana haraka ilishanigharimu. Miaka miwili iliyopita nilinunua tangi asubuhi, nikakoroga chumvi mchana, na jioni samaki wawili wa Pwani wakawa wanaogelea sebuleni. Maji yalikuwa maangavu kabisa. Siku ya nne walianza kutweta juu ya maji. Siku ya sita niliwazika kwenye gunia la sukumawiki pale kibarazani. Hawakuwa wagonjwa. Walikufa kwa sumu iliyotoka miilini mwao wenyewe, na aliyewafungia nayo ni mimi.

Sumu hiyo ni amonia. Samaki huitoa kupitia matamvua, na mabaki ya chakula yakioza huongeza nyingine. Baharini huchanganyika na maji mengi ikapotea. Ndani ya tangi haina pa kwenda. Tena maji ya bahari yana pH ya karibu 8.2, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka kuwa ile kali inayounguza matamvua. Kwa hiyo kosa ambalo tangi la maji matamu lingelisamehe, la chumvi halilisamehe.

Wanaowaokoa samaki ni bakteria wa aina mbili. Wa kwanza hula amonia wakaacha nitriti; wa pili hula nitriti wakaacha nitrati, ambayo samaki wengi huistahimili ikiwa kidogo, nasi huipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Mwanasayansi Mrusi Sergei Winogradsky alieleza kazi ya viumbe hawa mnamo 1890, akiwa Zürich. Hupenda kujishikiza kwenye mawe, mchanga na sponji ya chujio, na huzaana polepole mno. Bakteria wanaoozesha chakula huweza kujigawa kila baada ya nusu saa. Hawa huhitaji saa nyingi, pengine siku nzima. Ndiyo sababu tangi jipya huchukua wiki nne hadi nane kukomaa.

Mkazi wa Eastlands hana haja ya kwenda mbali kuwapata kazini. Kwenye mtambo wa kusafisha majitaka wa Kariobangi, majitaka hunyunyiziwa juu ya vitanda vya mawe, na utando wa viumbe uliojishikiza hapo ndio unaotafuna uchafu. Tangi langu ni Kariobangi ndogo.

Kazi yenyewe huanza na maji. Ya mfereji yana klorini, inayoua bakteria hao hao tunaowatafuta, na ya visima vingi vya Nairobi yana floridi nyingi. Mimi nilinunua mitungi mitano ya lita 20 kwenye duka la maji ya kusafishwa karibu na steji. Kila lita ilihitaji gramu 35 za chumvi maalumu ya tangi, jumla kilo tatu na nusu. Chumvi ya jikoni haifai kwa sababu haina kalsiamu na magnesiamu za baharini. Niliacha mchanganyiko uzunguke siku nzima hadi kipima chumvi kikasoma 1.025. Hita hushikilia joto kwenye nyuzi 26, kwani usiku wa Julai hapa si usiku wa Mombasa, na bakteria wakipoa huzembea.

Kisha nikawapa bakteria chakula: amonia safi, isiyo na sabuni wala manukato, hadi kipimo kikafika miligramu 2 kwa lita. Rafiki mwenye tangi la zamani, lisilo na ugonjwa, alinikatia kipande cha sponji ya chujio lake. Ni kama upawa wa uji wa jana unaotiwa kwenye uji wa leo ili uchachuke. Baada ya siku kumi hivi amonia ilianza kushuka na nitriti ikapanda, kichupa cha kipimo kikawa zambarau. Wiki ya tano nitrati ikajitokeza.

Hofu yangu kubwa ni stima. Bakteria hawa wanahitaji oksijeni, na maji yenye joto na chumvi huishika kidogo, tena hapa juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa yenyewe ni nyepesi. Stima ikipotea kwa saa nyingi maji hutulia, nao huanza kufa. Kwa hiyo pampu ndogo ya hewa ya betri hukaa kando ya tangi kila siku.

Najua wengi watauliza taabu yote hii ni ya nini. Ni kwa sababu samaki wengi wa mapambo wa baharini hawafugwi wakazaana, hutolewa baharini. Kenya imewauza ng'ambo kwa miongo kadhaa, na wapiga mbizi wa Pwani, wakiwemo wa Shimoni, huwafuata kwa nyavu ndogo kwenye miamba ya matumbawe. Kila anayekufa kwa pupa yetu, mwingine hutolewa kujaza nafasi yake. Mawe nayo nilinunua makavu. Matumbawe ya Watamu na Malindi, ambazo ni hifadhi za bahari tangu 1968, si ya kubebwa kwenye buti ya gari.

Juzi usiku nilitia tena miligramu 2 za amonia kwa lita. Jana, baada ya saa 24, nilipima. Amonia: njano, sufuri. Nitriti: sufuri. Leo ninabadilisha nusu ya maji ili nitrati ishuke.

Wiki ijayo nitaleta samaki mmoja tu, ingawa tangi lina nafasi ya wanne. Bakteria huongezeka kwa kadiri ya chakula wanachopata, na wangu wanapaswa kwanza kumzoea huyo mmoja. Wa pili atangoja wiki kadhaa. Watoto nimeshawaambia, na mdogo wao ameomba kipimo kinachofuata akisome yeye.