Usiku harusini, asubuhi kortini!

Msomaji wangu, ukitaka kuona watu wazima wakishikana mashati, usiwafuate kwenye foleni ya maji. Nenda mahali ambapo faida imepatikana, tena nene, halafu uliza swali moja tu: hii ni ya nani? Hapo ndipo urafiki wa miaka mingi hufa kifo cha mende.

Leo nakuletea kisa cha kweli kutoka Detroit, Marekani. Upande mmoja ni mzee mzima Henry Ford, yule wa magari. Upande wa pili ni ndugu wawili, John na Horace Dodge. Ndiyo, Dodge haohao ambao jina lao hadi leo limebandikwa kwenye magari.

Mwaka 1903 Ford alipoanzisha kampuni yake alikuwa akihaha kutafuta mtaji. Hawa ndugu walikuwa na karakana yao. Wakaingia ubia kwa vifaa vya dola 7,000 na taslimu dola 3,000, wakapewa asilimia 10 ya hisa. Hata dada wa James Couzens, aliyekuwa akishika hesabu za kampuni, naye akachomeka dola zake 100. Mkumbuke huyo dada, tutamrudia.

Model T ilipoingia barabarani mwaka 1908, ngawira ikaanza kumwagika. Januari 1914 Ford akatangaza kwamba mfanyakazi wake ataweza kupata dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya malipo ya awali, na saa za kazi zikashuka kutoka 9 hadi 8. Mji ukazizima, watu wakajazana getini kuomba kazi.

Lakini usidhani mzee alikuwa anagawa sadaka. Mwaka 1913 kiwanda chenye watu wapatao 14,000 kililazimika kuajiri zaidi ya watu 50,000! Kisa? Kukaza nati ileile kutwa nzima kuliwachosha watu, wakatimka. Kila anayetimka unafundisha mwingine, na hiyo ni hasara. Dola 5 ziliwabakiza. Tena zilikuja na masharti: wakaguzi wa kampuni walibisha hodi majumbani kuangalia nani mlevi na nani nyumba yake chafu. Mshahara mnono, na mjumbe wa nyumba kumi juu!

Kasheshe yenyewe ilianza 1916. Kampuni ilikuwa imeshalipa gawio maalumu la jumla ya dola milioni 41 miaka iliyotangulia. Sasa Ford akasema basi. Gawio la kawaida litaendelea, yale maalumu hakuna. Bei ya gari akaishusha kutoka dola 440 hadi 360, na pesa nyingine akazielekeza kwenye kiwanda kikubwa cha River Rouge. Alisema anataka watu wengi zaidi wapate ajira na wengi zaidi wamudu gari.

Ukiwa mteja au kibarua, unapiga makofi. Ukiwa Dodge, unanuna. Tena wale ndugu tangu 1914 walikuwa wanaunda magari yao wenyewe, na gawio la Ford ndilo lililowapa jeuri. Kwa hiyo wapo waliohisi kwamba mzee hakuwa na huruma yoyote na wananchi, alitaka tu kuwakatia maji wapinzani.

Novemba mosi 1916 mtoto wa Ford, Edsel, akafunga ndoa. John Dodge alikuwa miongoni mwa waalikwa. Kesho yake kesi ikafunguliwa! Hapo kimenuka.

Kortini Ford akajiponza kwa mdomo wake. Badala ya kusema kwamba bei ikishuka wateja wataongezeka na kampuni itanufaika, alisisitiza kwamba faida ilikuwa imezidi na kwamba anafanya biashara ili awanufaishe watu. Februari 1919 Mahakama Kuu ya jimbo la Michigan ikamwambia: mzee, sadaka toa mfukoni mwako. Kampuni ya biashara huundwa kwanza kabisa kwa faida ya wenye hisa. Lipa gawio la dola milioni 19 na ushee!

Sasa sikia utamu wake. Majaji hawakumzuia kujenga kiwanda. Walisema wao si wataalamu wa biashara. Na kwa kuwa Ford mwenyewe alikuwa na asilimia 58 ya hisa, zaidi ya nusu ya gawio hilo lilirudi kwake. Mwaka huohuo akawanunua wabia wote waliobaki. Ndugu wa Dodge waliondoka na dola milioni 25. Yule dada wa dola 100? Alilamba zaidi ya dola 260,000!

Ubishi wenyewe haujaisha. Mwaka 1970 mchumi Milton Friedman aliandika kwamba jukumu la kampuni ni kuongeza faida, ili mradi isivunje sheria wala kudanganya. Mwaka 1984 profesa Edward Freeman akaja na hoja ya wadau: wafanyakazi, wateja, wauza malighafi, na majirani wa kiwanda nao wamo. Agosti 2019 wakuu 181 wa makampuni makubwa ya Marekani wakatia saini tamko la kuwajali wadau wote. Maneno matamu, lakini saini si mshahara.

Na sisi je? Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza asilimia 25 ya hisa zake kwa shilingi 850 kila moja, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu zifanye hivyo. Watu zaidi ya 40,000 walinunua. Sasa fikiria jamaa mwenye hisa za kampuni ya simu ambaye laini yake ni ya kampuni hiyohiyo. Mkono wa kulia unalilia vifurushi vishuke bei, wa kushoto unalilia gawio lipande. Ford na Dodge wote wamo ndani ya suruali moja!

Sheria yetu ya Makampuni ya 2002 inawataka wakurugenzi waangalie pia maslahi ya wafanyakazi, si ya wenye hisa peke yao. Mimi naiunga mkono. Aliyeweka pesa alikubali kuzipoteza, alipwe. Lakini aliyeweka mgongo naye alijitosa, na mgongo hauuzwi sokoni.

Ila nina onyo moja kwako, mtoto wa mjini. Bosi akisema anafanya hivi kwa ajili ya wananchi, usikimbilie kupiga makofi. Muulize bei imeshuka kiasi gani, mshahara umepanda kiasi gani, na yeye mwenyewe ana hisa ngapi. Kama una hisa hata kumi, mkutano mkuu wa mwaka ni wako pia. Nenda, nyosha mkono, uliza. Soda na begi la karatasi visikuzibe mdomo.

Tukutane wiki ijayo, na ukialikwa harusini, kula vizuri lakini jua umekaa na nani!