Gamba Lisilolainika: Sayansi ya Vitafunwa vya Baa za Korea

Anju ni chakula ambacho Wakorea hula pamoja na kileo. Hakihesabiwi kuwa mlo, ingawa mtu anaweza kushiba nacho. Huwekwa katikati ya meza, kila mmoja akajichukulia kwa vijiti vyake, na mazungumzo yakaenda saa mbili tatu. Ndivyo ilivyo katika baa za Seoul na Busan, na pia katika vibanda vya turubai vya kando ya barabara viitwavyo pojangmacha. Kwa anayepika nyumbani, saa hizo mbili tatu ndizo kazi yenyewe. Chakula kingi hupikwa kiliwe mara moja, bali anju hutakiwa ibaki tamu hata ikiwa imekaa mezani ikipoa. Sehemu kubwa ya mbinu za upishi huu inahusu maji yaliyomo ndani ya chakula: yapi yatolewe, yapi yazuiliwe, na kwa wakati gani.

Kuku wa kukaanga ndiye anayeonyesha jambo hili waziwazi. Takriban robo tatu ya uzito wa nyama mbichi ya kuku ni maji. Kipande kinapotumbukizwa kwenye mafuta ya moto, maji ya juu yake huchemka papo hapo na kutoka kama mvuke. Mapovu yanayoonekana karaini ni mvuke huo, na msukumo wake huyazuia mafuta yasiingie ndani kwa wingi. Gamba hukauka na kuwa gumu. Tabu huanza kuku akishaopolewa. Nyama bado ni moto na imejaa maji, gamba ni kavu, na maji husafiri kutoka penye maji mengi kwenda pakavu. Baada ya dakika chache gamba limelainika.

Mafundi wa Korea huliacha kwanza jambo hilo litokee, kisha hulirekebisha. Kuku hukaangwa mara mbili. Mara ya kwanza mafuta huwa kwenye nyuzi 160 hivi za Selsiasi, na vipande vidogo kama mabawa huiva kwa dakika nane hadi kumi. Huopolewa na kupumzishwa juu ya waya, maana juu ya sahani mvuke hukosa njia na kurudi kuwa maji chini ya nyama. Katika mapumziko hayo unyevu wa ndani hupanda hadi kwenye gamba. Kisha vipande hurudishwa kwenye mafuta ya nyuzi 180 hadi 190 kwa dakika mbili tatu tu: unyevu uliopanda hufukuzwa, na kwa kuwa muda ni mfupi, nyama ya ndani haikauki. Gamba linalobaki huwa jembamba, na huvunjika kwa sauti hata baada ya kupakwa mchuzi.

Unga una sehemu yake. Ngano ina protini ambazo zikikutana na maji hushikana na kuwa gluteni, wavu unaovutika ambao ni mzuri kwa chapati lakini huzuia maji ndani ya gamba na kulifanya lifanane na mkate. Kwa hiyo wapishi wengi wa Korea hutumia wanga wa viazi, wenyewe au uliochanganywa na ngano kidogo. Chembe za wanga huvimba kwa maji na joto, hupasuka, kisha hukauka zikaacha tabaka gumu na jepesi. Mahali ambapo wanga wa viazi haupatikani kwa urahisi, kona flawa hufanya kazi hiyo vizuri, na wanga wa muhogo pia, ingawa gamba lake lina mnato kidogo. Unga wa kawaida wa muhogo, ule wa ugali, ni kitu kingine: una nyuzinyuzi zote za mzizi na hautoi gamba la namna hii.

Mchuzi mwekundu anaopakwa kuku huyo, yangnyeom, una asili ya karibuni. Yoon Jong-gye, muuza kuku wa mji wa Daegu, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa aliuanzisha, karibu na mwaka 1980. Daegu bado hujivunia kuku wake. Tangu 2013 mji huo huandaa tamasha la kuku na bia.

Msingi wa mchuzi ni gochujang, uji mzito uliochachushwa wa pilipili ya unga, mchele unaonata, kimea cha shayiri, chumvi na unga wa maharage ya soya yaliyovundikwa. Ukungu na bakteria wa kwenye soya hutoa vimeng'enya vinavyovunja protini kuwa asidi amino, mojawapo ikiwa glutamati, inayoleta ladha nzito kama ya supu ya nyama. Vimeng'enya vya kimea navyo hugeuza wanga wa mchele kuwa sukari. Mchanganyiko wa sukari na asidi amino hubadilika rangi haraka kwenye moto mkali kwa mmenyuko wa Maillard, na huungua haraka vilevile, ndiyo sababu mchuzi hupakwa baada ya kukaanga. Huchemshwa kwanza na sukari au asali, kitunguu saumu na soya sosi hadi uwe mzito, kwa kuwa mchuzi wa majimaji huliharibu gamba. Asiyetumia kileo asome karatasi ya mkebe: gochujang nyingi za viwandani huongezwa spiriti ili zisiendelee kuchacha. Zipo zenye alama ya halali.

Ukali wa pilipili hutokana na kapsaisini, kemikali inayoshikamana na kipokezi cha TRPV1 kwenye mishipa ya fahamu ya mdomoni. Kipokezi hicho kwa kawaida huamshwa na joto linalopita nyuzi 43 hivi, kwa hiyo ubongo hupokea habari ya kuungua ambako hakupo. Kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta na kwenye spiriti kali, si kwenye maji, na bia ni maji zaidi ya tisini kwa mia. Nafuu ya glasi baridi hutoka kwenye ubaridi wake na haidumu. Maziwa husaidia zaidi, lakini nani ataagiza maziwa baa?

Tteokbokki, vitumbua virefu vya mchele ndani ya mchuzi wa gochujang, vina shida iliyo kinyume: hapa maji yanatakiwa yabaki. Wanga uliopikwa ukipoa hujipanga upya, husukuma maji nje na kuwa mgumu, na kwenye jokofu huwa mgumu upesi zaidi. Katika mtaa wa Sindang-dong mjini Seoul, unaojulikana kwa chakula hiki, sufuria huwekwa juu ya jiko dogo la gesi mezani, ikichemka polepole wakati watu wanakula. Vilivyokuwa vigumu hulainika tena vikipashwa moto.

Wanaokunywa wana sababu ya kimwili ya kula. Pombe hufyonzwa zaidi kwenye utumbo mwembamba, na chakula, hasa chenye mafuta na protini, hukawiza tumbo kufungua mlango wake wa chini. Pombe huingia kwenye damu polepole, ingawa kiasi kilichonywewa ni kilekile na ini lina kazi ileile.

Anayewaandalia wageni nyumbani hufaidika na mbinu hizi zote. Figili nyeupe ya kuliwa pamoja na kuku hukatwa vipande na kulowekwa kwenye siki, sukari na chumvi siku moja kabla. Mchuzi hupikwa asubuhi. Kuku hukaangwa mara ya kwanza hadi aive kabisa, na kama wageni watakawia zaidi ya saa mbili, huwekwa kwenye jokofu. Mkaango wa pili hufanyika wakishaketi. Pajeon, chapati ya majani ya vitunguu inayopendwa siku za mvua pamoja na makgeolli, pombe ya mchele, huachwa mwisho. Rojo yake hukorogwa kwa maji ya barafu, kidogo tu, ili gluteni isishikane, na hutoka kwenye kikaangio moja kwa moja kwenda mezani, kwa kuwa haina mkaango wa pili wa kuiokoa.