Thomu katika Nchi ya Joto

Apandaye thomu kiwanjani kwake Shika Adabu, huku pwani, akaitia samadi na kuinywesha maji kila jioni, aghlabu hupata majani mazuri ya kupendeza macho, na siku ya kung'oa akakuta chini mizizi mitupu, au kijitunguu kimoja cha mviringo kisichogawanyika punje. Naye hulaumu mchanga, hulaumu mbegu, na wako wanaolaumu jicho la jirani, ilhali sababu yenyewe ni baridi iliyokosekana. Asili ya thomu ni Asia ya Kati, na maumbile yake ni kwamba haifanyi kichwa ila imepitiwa kwanza na majuma ya baridi, na mchana ukirefuka huisaidia zaidi. Nasi huku, digrii 4 kusini mwa ikweta na jirani ya bahari, mchana wetu ni takriban saa 12 mwaka mzima, na hata kusi ikivuma mwezi wa Julai usiku hauteremki sana chini ya digrii 20. Ndiyo maana thomu ya Kenya hutoka Meru na Nyandarua, na ya Tanzania hutoka Mbulu, huko milimani.

Mchana hauna hila, lakini baridi inayo. Vichwa vizima vikitiwa katika mfuko wa karatasi na kuwekwa ndani ya friji, si penye barafu, kwa majuma 6 hadi 8 tangu Aprili, vitakuwa tayari mwezi wa Juni masika yapunguapo; na vikitoka vipandwe siku ile ile, kwani joto kali laweza kuibatilisha athari ya baridi. Thomu nyeupe ya China iliyojaa masokoni siisifu kwa mbegu, maana baadhi yake hufanyiwa dawa au mionzi ili isichipue. Punje hupandwa na ganda lake, ncha juu, kina cha sentimita 4, kwenye tuta lisilotuama maji.

Ama katika kuweka mbegu, ada ya nyumba nyingi ni kula vichwa vikubwa na kurudisha ardhini vilivyodunda, na hapo ndipo kizazi kinapoharibika. Kwani thomu haizaliwi kwa mbegu ya ua, bali kila punje ni mama yule yule, pamoja na siha yake na maradhi yake. Basi vikubwa na vizima vitengwe kabla mpishi hajavifikia, vikauke kivulini penye upepo majuma 2 au 3. Kichwa cha punje 8 chazaa miche 8, kwa hiyo sehemu moja katika nane yatosha. Na kile kijitunguu cha mviringo kisidharauliwe, kwani kikipozwa na kupandwa tena mwakani chaweza kuleta kichwa kamili.

Asiye na friji na apande kwa ajili ya majani, ayakate mabichi juu ya mchuzi wa samaki, wala asitaraji kuliaga soko la Kongowea. Mwenye nayo na atenge mbegu yake kabla ya Aprili.