Si Kila Ndoa Ivunjikayo Ina Jini Mahaba

Hapa Mombasa, iwe Likoni, Kisauni hata Changamwe, mwanamke akiachika mara mbili tatu, au akimkwepa mumewe usiku bila sababu ya kuonekana, watu hunong'ona: ana jini mahaba, yaani jini anayedaiwa kumpenda na kumvurugia ndoa. Atafukizwa ubani, atapelekwa kwa mganga, na hali huenda ikabaki ile ile. Ni nadra kuulizwa alilelewa na nani, na ni nani aliyekuwa akimwingilia chumbani akiwa mdogo.

Lakini hilo ndilo swali. Mwaka 2010, utafiti wa kitaifa uliwahoji vijana wa Kenya wa miaka 18 hadi 24. Karibu wasichana 32 katika kila 100, na wavulana 18, walisema walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wa vijana hao leo ni waume na wake za watu.

Kwa nini ya utotoni yaguse ndoa? Sehemu ya tunayojua kuhusu mtoto na anayemlea ilianzia hapa jirani. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akawa anazuru vijiji vya karibu na Kampala kuwatazama watoto wachanga na mama zao. Aliona kuwa mtoto anayemwamini mamake ndiye anayethubutu kutambaa mbali naye, maana anajua akilia atapokewa. Sasa mtoto anayeumizwa na yule yule anayemlisha atamkimbilia nani? Anamtaka na anamwogopa kwa wakati mmoja, na mwili wake unazoea kwamba mapenzi na hatari huja pamoja.

Akikua, mazoea hayo humfuata. Mmoja hupekua simu ya mwenzake usiku kucha, akiogopa kuachwa. Mwingine hupendwa, kisha penzi likikolea tu anatoroka. Wanaume waliolawitiwa utotoni hunyamaza zaidi, kwa aibu ambayo si yao. Mke huona hasira tu.

Si wote huwa hivyo, na aliye hivyo anaweza kupona. Hospitali ya Port Reitz, Changamwe, ina huduma za afya ya akili, na kuzungumza na mshauri aliyefunzwa kumewasaidia wengi.

Mwenzi naye ana kazi yake: kuuliza kabla ya kugusa, kutolazimisha, kurudi saa aliyosema atarudi. Na feri ya Likoni ikimchelewesha, apige simu aseme yuko ng'ambo, anakuja.