Jinsi ya Kuinua Injini ya Land Rover ya Zamani

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa watu mjini Amsterdam mwaka 1948, na katika mashamba ya Kenya zingaliko za miaka ya 1950 na 1960 zifanyazo kazi ya kuchukua maziwa na mbolea. Mwenye gari kama hilo hujua kwamba iko siku injini itataka kutolewa, ama kwa sababu ya klachi, ama kwa sababu ya moshi wa buluu. Siku hiyo swali la kwanza si spana gani itakayotumika, bali ni kitu gani kitakachoubeba uzito huo.

Injini ya petroli ya lita 2.25, iliyoanza kutiwa katika magari hayo mwaka 1958, ni ya chuma kizito na uzani wake hukaribia kilo 200. Basi hupita magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Watu wanne wenye nguvu waweza kuliinua jambo hilo, na wako wengi waliokwisha kufanya hivyo. Lakini gunia hushikika, na injini iliyojaa mafuta haishikiki. Tena kuitoa ni nusu ya kazi tu. Wakati wa kuirudisha, yapasa itulie hewani huku ikisogezwa kidogo kidogo mpaka shafti ya giaboksi iingie katika klachi, na hakuna watu wanne wawezao kutulia hivyo. Vidole vingi vimepotea hapo.

Kwanza punguza uzito. Toa betri, mwaga maji na mafuta, fungua boneti, kisha toa rejeta. Katika jambo hili waliounda Land Rover walitutendea hisani: uso wote wa mbele, pamoja na rejeta, hufunguliwa kwa bolti, na injini yaweza kutoka kwa kwenda mbele bila ya kuinuliwa juu sana. Giaboksi itegemezwe kwa jeki au gogo kabla ya kufungua bolti zinazoiunganisha na injini. Usisahau ule waya mnene unaofunga injini na chasi. Ni mdogo machoni, lakini mara nyingi ndio unaozuia injini isipande, na watu huendelea kuvuta tu bila ya kuuona.

Sasa tuje kwenye kuinua. Desturi ya mashambani ni kuliendesha gari mpaka chini ya mwembe na kufunga kamba katika tawi. Mimi siipendi. Tawi lililo bichi kwa nje laweza kuwa limeoza ndani, nalo halitoi habari mpaka limekwisha kukatika. Wako pia wanaofunga mnyororo katika boriti za nyumba. Boriti hizo ziliwekwa kubeba mabati, na nyumba ya kulala si gereji.

Njia ya kienyeji iliyo bora ni miti mitatu. Chagua mikaratusi iliyonyoka, yenye urefu wa futi 12 hivi, na unene usiopungua inchi 4 hata kwenye ncha. Vichwa vifungwe pamoja kwa mnyororo au kwa bolti moja nene. Miguu miwili isimame ubavuni mwa gari, mmoja huku na mmoja huku, na wa tatu usimame mbele. Hatari ya chombo hiki si kuvunjika, bali ni kutambaa, kwa maana uzito ukishuka juu yake, miguu hutaka kwenda nje. Kwa hiyo ifungwe yote mitatu kwa mnyororo karibu na ardhi, na kila mguu uingizwe katika kishimo kifupi. Ikiwa udongo ni laini, weka ubao mnene chini yake. Injini ining'inie wima chini ya kichwa cha miti, wala isivutwe upande hata kidogo. Ikisha kupanda, ni gari litakalosukumwa nyuma, si injini itakayopelekwa mbele.

Kamba na makapi ya kawaida hufanya kazi. Ukiwa na makapi mawili juu na mawili chini, kamba nne huugawana uzito, na kilo 200 huvutwa kwa nguvu ya kilo 50 na ziada kidogo kwa ajili ya msuguano. Kwa kila futi moja ya kupanda utavuta futi nne za kamba. Lakini makapi hayo hayana breki. Mvutaji akiteleza, au akigeuka kumjibu mtu anayepita njiani, injini huanguka. Hapa ndipo kitu cha kununuliwa kinapostahili bei yake: kapi la mnyororo, ambalo mafundi huliita cheni bloki. Ndani yake mna magurudumu ya meno na breki inayoushikilia uzito mara mkono unapouacha mnyororo. Moja la tani moja lawatosha wenye magari wengi. Majirani watano waweza kulinunua kwa shirika, kwani hakuna atoaye injini kila mwezi.

Mnyororo ushikwe na bolti nzima zilizoingia barabara katika chuma cha injini, wala si katika kifuniko cha vali kilicho chembamba kama sufuria. Tena angalia pembe. Minyororo miwili ikisimama karibu wima, kila mmoja huchukua kama kilo 100. Ikilazwa mpaka ikabaki nyuzi 30 tu juu ya usawa, kila mmoja huvutwa kwa kilo 200 nzima, ingawa injini ni ile ile. Mnyororo mfupi mno ni hatari kuliko mrefu.

Winchi ya gereji, yenye jeki ya mafuta na magurudumu, ni chombo kizuri kwa mtu mwenye sakafu ya saruji. Juu ya udongo au murramu magurudumu yake madogo huzama, na winchi iliyokwama huku imebeba mzigo ni rahisi kupinduka. Kadhalika, tani iliyoandikwa juu yake ni ya mkono uliofupishwa. Mkono ukirefushwa, uwezo hupungua sana, na yafaa kusoma namba zilizopigwa karibu na kila tundu la mkono huo. Kwa karani wa mjini mwenye banda la saruji, nasema anunue au akodi winchi. Kwa mkulima, miti mitatu na cheni bloki huishinda.

Volkswagen ya zamani, ile yenye umbo la kobe, haihitaji haya. Injini yake iko nyuma, haina rejeta, na imeshikwa katika giaboksi kwa bolti nne tu. Huteremshwa chini kwa jeki ya magurudumu, kisha ni gari linaloinuliwa juu yake.

Turudi kwenye Land Rover. Inua inchi mbili tu, simama, tikisa, tazama kila fundo na kila mguu, ndipo uendelee. Asiwepo mtu wala mkono chini yake. Gari likisha kusukumwa nyuma, ishushe injini mara moja juu ya gurudumu kuukuu lililolazwa. Siku ya kuirudisha, tia gia, kisha zungusha injini polepole kwa hendeli mpaka meno ya shafti yapate njia yake. Pengo likibaki, usilifunge kwa kukaza bolti: shafti haijaingia, na utaivunja klachi mpya. Rudisha nyuma kidogo, inua au shusha kwa upana wa kidole, ujaribu tena.