Nani Apewe Kamba ya Demani?

Mpenzi msomaji, ukishuka Lamu mjini na kuulizia Matondoni, utaelekezwa upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa. Waweza kwenda kwa punda kupitia mashambani, au ukangoja maji yajae uende kwa mashua ukiambaa mikoko. Kwa vyovyote vile, kitu cha kwanza kukupokea ni mlio wa nyundo. Matondoni ni kijiji cha mafundi wa vyombo. Akina mama hapa husifika kwa ususi wa mikeka, nao akina baba kwa kuunda mashua na majahazi bila ya ramani ya karatasi. Jicho la fundi ndilo rula yake, na alichokishika alikipata kwa baba yake na babu yake.

Lakini leo sikuleti Matondoni kutazama mbao na misumari. Nakuleta tuamue jambo moja lililowahi kuwagombanisha ndugu wa tumbo moja katika vijiji vingi vya pwani: mashindano yanapokaribia, ni nani apande chomboni na ni nani abaki ufuoni?

Mashindano ya mashua ni sehemu ya maisha ya Lamu. Yapo wakati wa Maulidi ya Mfungo Sita, yapo katika Tamasha la Utamaduni la Lamu ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba, na yapo Shela siku ya Mwaka Mpya. Siku hiyo ufuo hujaa watu hadi pasipo pa kusimama. Anayeshinda huondoka na zawadi, lakini zawadi ni kitu kidogo. Kikubwa ni kwamba kwa mwaka mzima kijiji chake kitatembea kifua mbele, na fundi aliyekiunda chombo kile hatakosa wateja.

Haya basi, tuseme wewe ndiwe nahodha wa mashua ya Matondoni. Mashua ya mashindano haina mtambo. Ina mlingoti mmoja, foromali na tanga moja la pembe tatu. Wewe utakuwa tezi, mkono kwenye usukani. Unao vijana wa kukaa kwenye ubao unaotokezwa nje ya chombo ili uzito wao ukizuie kisilale. Unao wa kuhamisha mifuko ya mchanga kila mnapopindua. Unao wa kupeleka foromali upande wa pili wa mlingoti. Yupo na wa kufua maji katika ngama, kazi isiyopigiwa makofi na mtu yeyote.

Nafasi moja ndiyo iliyo wazi. Mtu wako wa demani, aliyeishika kamba hiyo miaka mitatu mfululizo, amepata kazi bara na hawezi kurudi. Ukiivuta demani kupita kiasi, chombo kinalala. Ukiilegeza mno, tanga linapigapiga na mwendo unakufa. Upepo wa ghafla ukija na mshika kamba asiiachie kwa wakati, nyote mtajikuta majini mbele ya mama zenu.

Watakaji ni watatu.

Watatu na kamba moja

Wa kwanza ni kijana mchukuzi wa mizigo, kifua kama mlango wa msikiti. Hakuna anayemshinda kwa kuvuta, wala kwa kuogelea. Ukipita barazani utasikia watu wakimtaja kabla hata hujauliza. "Nahodha, mpe huyo mambo yaishe!"

Wa pili ni mtoto wa mwenye chombo. Anasoma Mombasa na amekuja likizo. Si mzembe, na baharini si mgeni. Ila ukweli ni kwamba angekuwa mtoto wa mtu mwingine, jina lake lisingefika katika orodha. Na mwenye chombo ndiye aliyenunua tanga jipya.

Wa tatu ni mvuvi wa makamo, mwembamba, asiyesema sana. Hajawahi kuitwa kwenye mashindano. Lakini kila alfajiri anatoka na mashua yake ndogo, na kamba ya demani ameishika siku nyingi kuliko hao wawili wakijumlishwa. Upepo ukigeuka, wewe bado unatazama bendera, yeye keshalegeza kamba.

Usikimbilie kujibu, msomaji. Kila mmoja ana hoja yake. Kusi likivuma kwa nguvu, uzito na misuli ya yule wa kwanza ni mali. Lakini Novemba ni kipindi cha tangambili: kusi limekwisha, kaskazi halijashika, na upepo hauna msimamo. Siku kama hiyo mwili mzito ni mzigo, na nguvu bila ya hisia ni balaa. Mtoto wa mwenye chombo naye, ukimwacha, huenda mwakani usipate chombo. Na yule mvuvi, je, hatatishwa na kelele za watu maelfu?

Wahenga walinena kuwa mchagua nazi hupata koroma. Basi nahodha afanyeje?

Wenzetu wa Seattle

Kabla ya kuamua, hebu tuvuke bahari kidogo. Mzozo huu huu wenzetu wa Marekani wameugeuza kuwa sherehe ya taifa. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Aprili, timu 32 za kulipwa za kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa kubeba mpira wenye umbo la yai, huteua vijana kutoka vyuoni. Timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo hupewa zamu ya kwanza, na mteuo hupita raundi 7. Utaratibu huo ulianza mwaka wa 1936, na hadi leo mashabiki hugombana kuuhusu kama sisi tunavyogombana juu ya timu ya taifa.

Nafasi mojawapo inayozua ubishi mkubwa ni ile iitwayo lainibeka. Fikiria watu wakubwa wamepanga mstari mbele kama ukuta. Nyuma yao husimama lainibeka. Adui akipita na mpira, ni kazi yake kumwangusha. Adui akirusha mpira juu, ni kazi yake kurudi nyuma haraka kumlinda mpokeaji. Yote hayo huamuliwa kwa muda wa kupepesa jicho. Ni mtu wa demani wa nchi kavu: nguvu anahitaji, lakini kwanza ajue upepo unageukia wapi.

Sasa sikiliza kisa cha timu ya Seattle Seahawks. Mwaka wa 2009 ilikuwa na zamu ya 4, ikamchukua lainibeka Aaron Curry. Wachambuzi wengi walisema huyo ndiye chaguo salama kuliko wote: mwili anao, mbio anazo, tabia njema anayo. Akapewa mkataba uliomhakikishia zaidi ya dola milioni 30. Lakini mambo hayakwenda. Kufikia Oktoba 2011 alikuwa amekwisha kupelekwa timu nyingine, na nafasi yake ameikalia K.J. Wright, kijana aliyeteuliwa mwaka huo akiwa wa 99.

Mwaka uliofuata Seattle ikamteua Bobby Wagner, wa 47. Huyu hata majaribio makubwa ya vijana hakuyahudhuria kwa kuwa aliugua nimonia. Wachambuzi kadhaa waliupa mteuo wa Seattle wa mwaka huo alama za chini kabisa. Wagner akaja kuwa mmoja wa lainibeka bora wa kizazi chake.

Na bado kuna la kustaajabisha zaidi. Tarehe 2 Februari 2014 Seattle ilitwaa ubingwa kwa kuicharaza Denver 43 kwa 8. Mchezaji bora wa fainali hiyo alikuwa lainibeka Malcolm Smith, ambaye mwaka wa 2011 aliteuliwa akiwa wa 242, karibu na mwisho kabisa wa orodha.

Msomaji, unaona? Timu ni ile ile na nafasi ni ile ile. Wa 4 aliondoka, wa 242 akabeba tuzo. Si kwamba Curry alikuwa mchezaji wa bure. La hasha! Ila sifa zinazopendeza macho si lazima ziwe ndizo zinazotakiwa na kazi yenyewe.

Kijana wa Nairobi

Nasi Wakenya tunaye wetu katika hadithi hii. Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa mchezaji wa raga aliyecheza Afrika Kusini na New Zealand. Hakuna timu iliyomteua. Hata hivyo, mwaka wa 2013 Indianapolis Colts ilimchukua na kumweka katika nafasi hiyo hiyo ya lainibeka, ingawa mchezo wenyewe hakuwahi kuucheza. Tarehe 8 Desemba 2013, timu yake ilipokutana na Cincinnati, aliingia uwanjani na kuwa mzaliwa wa kwanza wa Kenya kucheza katika ligi ile.

Singependa kukupamba hadithi. Adongo hakuwa nyota, na mwaka wa 2015 safari yake na Colts ilikwisha. Mwili alikuwa nao wa kutosha, ila wenzake walikuwa wameusoma mchezo ule tangu utotoni, naye alitakiwa kuusoma kwa misimu miwili. Misuli huonekana siku ya kwanza, lakini ujuzi wa kutambua adui ataelekea wapi hukusanywa kidogo kidogo kwa miaka. Hayo wavuvi wa Matondoni hawahitaji kuelezwa na mtu.

Turudi ufuoni

Basi nahodha, muda umekwisha na maji yamejaa. Ukiniuliza mimi, kamba ya demani nampa yule mvuvi. Sababu yangu ni moja. Swali si nani hodari kuliko wote, bali ni kazi gani iliyo wazi na nani anayeifanya kila siku. Yule mwenye misuli namweka kwenye ubao, mahali ambapo uzito wake ni faida. Upepo ukiwa mwembamba, namwomba abaki, na namweleza sababu uso kwa uso kabla hajaisikia kwa watu.

Na mtoto wa mwenye chombo? Hapa ndipo ubishi wa kweli ulipo, nami nakuomba unisikilize vizuri. Zamani hapakuwa na haja ya mashindano ili kijana ajifunze tanga. Mizigo, samaki na abiria, vyote vilikwenda kwa upepo. Siku hizi mtambo umechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mei 2021 gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa huko bara, na vijana wengi macho yao yako upande huo. Si vibaya, riziki ni riziki. Lakini ina maana kwamba siku ya mashindano ni mojawapo ya siku chache ambazo kijana atamwona mtu mzima akilipigania tanga kwa nguvu na akili zake zote. Ukijaza chombo kwa waliokwisha kubobea peke yao, leo utashinda, na baada ya miaka kumi hutakuwa na wa kumteua.

Kwa hiyo naye apande, ila si kwenye demani. Apewe ngama. Akae miguuni pa yule mvuvi, afue maji, na kila akiinua kichwa aione mikono ile inavyovuta na kuachia. Akinung'unika kuwa hiyo si kazi ya mtoto wa mwenye chombo, mkumbushe msemo wa wazee: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na baba yake akinuna, mwambie kuwa mtoto wake umempa darasa ambalo fedha ya tanga jipya haiwezi kulinunua.

Wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu huku jina lako halikubandikwa katika orodha ya timu ya shule, kumbuka aliyekuwa wa 242. Halafu umkumbuke na huyu anayefua maji. Usimuulize mwalimu tu kwa nini hukuchaguliwa. Muulize ni kazi gani ambayo timu haina mtu wa kuifanya, kisha uende ukaifanye kila siku hata kama hakuna anayekutazama.

Nawe mzazi, unapompigia nahodha au mwalimu wa michezo simu ya kumtetea mwanao, fikiri kidogo kabla hujabonyeza namba. Huenda unamwombea kamba ambayo bado hawezi kuiachia kwa wakati.

Haya, mpenzi msomaji. Mimi nimekwisha kupiga kura yangu. Wewe kamba ya demani ungempa nani?