Deki Mpya Nyumbani: Pima Kabla ya Kulipa

Siku chache baada ya Krismasi nilisafiri kutoka Arua hadi Koboko, mwendo wa kilomita zipatazo 55, kumjulia hali dada yangu. Nilikuta nyumba imenuna. Shemeji alikuwa ameuza mbuzi wawili akanunua deki ya Blu-ray, na ile ya DVD akampa jirani. Lakini deki mpya ilikuwa na tundu moja tu la picha, la HDMI, ilhali televisheni yao ya chogo ina matundu matatu ya mviringo.

“Kaka,” dada alisema, “watoto hawajamsikia babu yao sikukuu nzima.” Diski ya harusi yake ndiyo iliyohifadhi wosia wa marehemu baba yetu.

Ndugu msomaji, tusimcheke shemeji. Wengi wetu hununua jina la chombo kabla ya kuuliza kazi yake.

Diski ya DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, ya Blu-ray hubeba 25. Sababu ni mwanga. Deki ya DVD husoma kwa mwali mwekundu. Blu-ray hutumia mwali wa buluu ya zambarau, ambao husoma alama ndogo zaidi, zilizosongamana. Kwa hiyo picha ya Blu-ray hufikia mistari 1080, na ya DVD 576 tu. Deki ya Blu-ray husoma pia DVD, lakini deki ya DVD haisomi Blu-ray.

Basi kabla ya kulipa, yafaa kuangalia mambo matatu. Kwanza, televisheni: je, ina tundu la HDMI, na yaweza kuonyesha mistari hiyo yote? Pili, diski ulizo nazo: zikiwa zote ni DVD, deki mpya huzilainisha kidogo tu, haiwezi kuongeza kisichorekodiwa. Tatu, alama ya eneo: Uganda imo katika eneo B la Blu-ray, na eneo la 5 la DVD. Chukua diski yako dukani, ichezwe mbele ya macho yako.

Tena, usitegemee diski peke yake kutunza kumbukumbu. Mnamo Februari 2025 kampuni ya Sony ya Japani iliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia. Yaliyo ya thamani yanakiliwe mahali pawili au zaidi.

Nasi tulifanya hivyo. Fundi mmoja wa Arua alituuzia kifaa kidogo cha kugeuza HDMI, kisha akainakili diski kwenye flashi mbili. Picha haikuwa bora kuliko zamani. Lakini Jumapili ile baba alisalimu kwa Kikakwa, na wajukuu wakaitikia. Shemeji alitazama chini, kisha naye akaitikia.